Babu wa Burma: Kumtambua Askari Aliye Kwenye Picha ya Zamani

Mazungumzo na wakazi wa Eastlands katika ukumbi wa kijamii, Kaloleni

Asanteni kwa kuja na picha zenu. Naona bahasha, naona albamu, na kule nyuma naona fremu nzima imetolewa ukutani. Nimeombwa nieleze jinsi ya kumtambua askari aliye kwenye picha ya zamani, na jinsi ya kukisia mwaka ilipopigwa. Nitatumia picha ya babu yangu, mzaa baba, kwa sababu ndiyo iliyonifunza, tena kwa aibu kidogo.

Sisi wa Eastlands tunaishi ndani ya majina ya vita. Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Soko la Burma lina jina la nchi ambako askari wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, walipigana na Wajapani mwaka 1944. Basi mtu akisema "babu alikuwa Burma", nani atauliza swali la pili? Kwetu hakuna aliyeuliza. Picha ilikaa sebuleni miaka na miaka, na kila mgeni aliambiwa: huyu ndiye Babu wa Burma.

Siku moja fremu ilivunjika. Nikaitoa picha, nikaigeuza.

Nanyi anzeni hapo hapo, nyuma. Mara nyingi kuna mhuri wa studio, na mhuri huwa na jina la barabara. Majina ya barabara za Nairobi yamebadilika, na hilo ni jambo la kutusaidia. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue baada ya Uhuru. Government Road ikawa Moi Avenue baada ya Moi kuwa rais mwaka 1978. Ya babu ilikuwa na mhuri wa Government Road, pamoja na ukingo wa menomeno ambao wengi mnaukumbuka kwenye picha za kabla ya zile za rangi. Hiyo ilinipa mwisho tu: si baada ya miaka ya sabini. Mwanzo bado.

Mwanzo unatafutwa mbele ya picha, na kanuni ni moja: picha haiwezi kuwa kongwe kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Tazameni kichwani. Tarbushi ni vazi la Keya wa tangu zamani, na liliendelea kuvaliwa kwenye gwaride, kwa hivyo peke yake halitoshi. Kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja inatupeleka zaidi kwenye Vita vya Pili, na hasa Burma. Tazameni begani: herufi KAR ni Keya, lakini EAASC ni kikosi cha uchukuzi, madereva wa malori. Kwenye mkono, kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Tepe mbili ni koplo, tatu ni sajini. Tazameni hata miguu: askari aliyesimama peku ana uwezekano mkubwa wa kuwa wa kabla ya Vita vya Pili. Na si kila sare ni ya jeshi. Polisi, magereza, askari wa chifu, wote walipiga picha. Wapo hata walioazima koti la rafiki kwa dakika tano za studio.

Kisha kifua, na hapa nikae kidogo.

Nishani ya Burma ni nyota yenye ncha sita, nayo ilianzishwa mwaka 1945. Kwa hivyo mkiona picha yenye nyota hiyo, msiseme ni ya siku ya kuaga. Huyo amekwisha kurudi. Utepe wake ni wa buluu iliyokoza, na mstari mwekundu katikati. Lakini picha ni nyeusi na nyeupe, na filamu za zamani zilidanganya: nyingi zilifanya nyekundu na manjano ziwe nyeusi, na buluu ikawa nyeupe. Msikisie rangi. Tazameni umbo.

Nilichukua lenzi. Nishani ya babu haikuwa nyota. Ilikuwa duara, imening'inia kwenye utepe wenye mistari membamba, na juu ya utepe palikuwa na kipande cha chuma chenye herufi. Nilizisoma moja moja: K, E, N, Y, A.

Hiyo ni Africa General Service Medal yenye kipande cha Kenya. Ilitolewa kwa huduma ya kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Babu hakuwa akipigana na Mjapani kwenye picha ile. Alikuwa hapa hapa nyumbani, upande wa serikali, wakati wa Hali ya Hatari.

Mnajua maana yake katika mitaa hii. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakapita nyumba kwa nyumba. Maelfu walipelekwa Langata kuchujwa, kisha Manyani na Mackinnon Road. Mmoja wao alikuwa babu ya mke wangu, aliyechukuliwa Bahati. Na mimi nilikuwa nimemtundikia askari huyo sebuleni kwake.

Nilimwendea shangazi. Nikamwambia, "Shangazi, babu hakuwa Burma." Akashangaa. "Nani amesema hakuwa Burma? Si alikuwa na kibanda cha nyama pale hadi alipozeeka?"

Basi Babu wa Burma alikuwa babu wa sokoni. Hakuna aliyesema uongo. Watoto walisikia jina, wakaona sare, wakaunganisha wenyewe.

Nishani haisemi kila kitu. Haisemi kama alimpiga mtu au alikaa kambini akipika. Ukiwa nayo yenyewe mkononi, geuza ukingo wake: ile ya duara huwa imechongwa namba, cheo na jina, jambo ambalo nyota ya Burma aliyopewa askari wetu haina. Namba hiyo iandikeni popote mtakapoiona, hata kwenye barua kuukuu, kwa sababu majina yaliandikwa kila karani alivyosikia, lakini namba ni moja.

Kwa wapagazi hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mwenye picha ya mpagazi yenye jina nyuma huenda ameshika karatasi pekee iliyobaki ya mtu huyo. Asimpe mtu ile ya asili, hata akiahidiwa fidia. Atoe nakala.

Yangu nimeirudisha kwenye fremu. Nyuma nimeandika kwa penseli, maana kalamu ya wino hupenya: jina lake, "kati ya 1955 na miaka ya sitini", nishani gani, na maneno ya shangazi. Mke wangu aliisoma, akanyamaza, kisha akaomba picha ya babu yake iwekwe kando ya hiyo. Bado tunaitafuta. Ikiwa kuna mtu wa Bahati mwenye picha za majirani za kabla ya 1954, tuonane.

Sasa leteni zenu hapa mezani. Lenzi ni moja, kwa hivyo wazee watangulie.