Kutafuta Mtandaoni Kuanzie Ubaoni



Leo nazungumza na walimu. Mwanafunzi ukimpa simu na kumwambia atafute habari za alizeti, ataandika "alizeti", atabonyeza jibu la juu kabisa na kulinakili lote. Hapo hajajifunza kutafuta. Na majibu ya juu mara nyingine ni matangazo yaliyolipiwa!

Mwalimu, anza ubaoni, hata kama darasa zima lina simu moja tu. Waulize: tunataka kujua nini hasa? Wataje maneno yenyewe: magonjwa, alizeti, Singida. Kisha waonyeshe kufunga maneno kwa alama za fungua na funga semi, "magonjwa ya alizeti", ili Google itafute maneno hayo kwa mfuatano huohuo. Wakitaka taarifa za serikali pekee, waongeze site, nukta mbili, halafu go.tz, bila kuacha nafasi. Watafute pia kwa Kiingereza, maana huko maandishi ni mengi zaidi.

Sasa wasubiri kidogo kabla ya kunakili, wajiulize. Nani kaandika? Lini? Anauza dawa? Ukurasa mwingine unasemaje? Hapa ndipo napenda kipindi kizima kitumike.

Na kwa wazazi, si kila kitu kinahitaji kutafutwa hivyo: matokeo ya mitihani ya taifa yana anwani yake, necta.go.tz. Mzazi, anayekuomba pesa akuonyeshe matokeo ya mwanao, usimpe.