Kulala Mlimani: Safari ya Familia Katika Hifadhi ya Mlima Elgon
(Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Kanduyi kabla ya likizo ya Desemba)



Asubuhi isiyo na mawingu, mtoto wa Kanduyi huuona Mlima Elgon akiwa njiani kwenda shule. Hunywa maji ya mito inayoanzia huko, kama vile Mto Kuywa. Lakini wengi humaliza masomo bila kulala hata usiku mmoja ndani ya hifadhi yake. Huaminika kwamba loji ni za wageni kutoka ng'ambo na kwamba safari ya wanyama ni lazima iwe Maasai Mara. Sivyo.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968 na ina ukubwa wa kilomita mraba 169. Kutoka Kanduyi, familia hupitia Webuye hadi Kitale, kisha Endebess, hadi lango la Chorlim. Karibu na lango hilo kuna mabanda ya Kapkuro ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hapa wageni hujipikia. Kwa familia yenye watoto watatu au wanne huo ni unafuu mkubwa, kwa sababu unga, mboga, kuku na majani chai hutoka nyumbani.

Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Raia wa Kenya hutozwa kidogo kuliko mgeni, na mtoto hutozwa kidogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo mzazi asisahau kitambulisho. Nafasi ya kulala iulizwe mapema, kwani Desemba familia nyingi husafiri. Desemba hadi Februari pia ndio wakati mzuri wa barabara. Mvua zikianza, njia za mlimani huteleza na gari dogo hukwama.

Usiku mlimani ni baridi kali. Kila mtoto awe na sweta, soksi na blanketi la ziada. Tochi ni muhimu. Giza likiingia, mtoto asitoke nje ya banda peke yake, kwa sababu hapo hakuna ua unaotenganisha watu na nyati.

Kuna mengi ya kuona: mbega, pundamilia, miti mikubwa ya podo na teak ya Elgon. Lakini sifa ya mlima huu duniani ni mapango yake. Katika pango la Kitum, ndovu huingia usiku, gizani kabisa, na kuchimba ukuta kwa pembe zao ili wapate chumvi ya madini. Alama za pembe huonekana mchana. Ndovu hao walipunguzwa sana na majangili katika miaka ya 1970 na 1980, na waliobaki wanahitaji utulivu. Pango la Makingeny, lililo jirani, lina maji yanayoporomoka mlangoni.

Hapa mzazi asikilize kwa makini. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, watu wawili waliokuwa wametembelea Kitum waliugua homa ya Marburg wakafariki. Mwaka 2017, upande wa Uganda wa mlima huuhuu, wilayani Kween, ugonjwa huo uliua watu watatu wa familia moja. Virusi vyake hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni, na mgonjwa huwaambukiza wanaomuuguza kupitia damu na majimaji ya mwili.

Hii si sababu ya kuukimbia mlima. Ni sababu ya kufuata kanuni. Familia imuulize askari wa KWS kabla ya kuingia pango lolote, na akisema hapana, basi ni hapana. Watoto waonyeshwe mapango wakiwa mlangoni. Asiwepo wa kugusa popo wala kinyesi chake, na chakula kisiliwe pangoni. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mtu akipata homa kali, maumivu ya kichwa au kutapika ndani ya siku 21 baada ya safari, aende hospitali mara moja na aseme wazi kwamba alikuwa mapangoni. Malaria huanza vivyo hivyo, na bila kuambiwa daktari hawezi kukisia.

Familia isiyo na uwezo wa kulala nje inaweza kwenda Saiwa, karibu na Kitale, na kurudi jioni. Hifadhi hiyo ya mwaka 1974 ndiyo ndogo kuliko zote nchini, takriban kilomita mraba tatu. Ilitengwa ili kumlinda nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu. Magari hayaingii, watu hutembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao kutazama. Wanaofika alfajiri ndio humwona.

Mtoto aliyeona alama za pembe ukutani hatahitaji hotuba ndefu kuelewa kwa nini msitu usikatwe na ndovu asiuawe. Mlima ni wa watoto hawa. Wapelekwe wakaujue, na warudi nyumbani salama.