Simu na Mti wa Mninga
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Kipalapala)



Naanza kwa kukiri kosa. Nikiwa kidato cha pili, miaka ya 1990, niliingia porini kutafuta fito. Nikakata mti mchanga ulionyooka. Ukatoa utomvu mwekundu kama damu. Ulikuwa mninga, mti ambao hukua polepole mno kabla ya kufaa kupasuliwa mbao. Biolojia nilikuwa nafaulu, lakini mti wa nyuma ya bweni sikuujua hata jina.

Siku hizi ipo mbinu mpya ya kufundishia. Unaelekeza kamera ya simu kwenye kitu, na kioo kinakuonyesha kitu kile pamoja na picha au maelezo yaliyoongezwa juu yake. Wataalamu huiita uhalisia ulioongezwa. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika mradi wa EcoMOBILE, waliwapeleka wanafunzi bwawani na simu za namna hiyo. Simu iliwaonyesha mahali pa kusimama na jambo la kuchunguza. Lakini maji waliyapima wenyewe.

Fikirini hapa kwetu. Kijana anaelekeza simu kwenye kisiki, anauona mninga mzima na majani yake. Anaielekeza kwenye bani la tumbaku, anaona kuni zinatoka msitu gani. Anafika Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, anaiona njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji na miembe kandokando yake.

Lakini, ndugu zangu, simu haiujui mti ambao hakuna mtu aliyeuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo napendekeza kila kidato kihesabu miti ya eneo letu, kiwaulize wazee, na kuandika majina ya Kiswahili na ya Kinyamwezi, pamoja na matumizi yake. Sisi wa zamani tuchange tununue simu moja, itunzwe na mwalimu, ili sheria za shule zisivunjwe. Daftari litangulie, simu ifuate.

Nami nina deni la mti mmoja. Nimekuja na mche wa mninga, na jioni hii nitaupanda nyuma ya bweni. Vijana, nawaomba mwumwagilie maji, na jina lake liwe la kwanza katika daftari lenu.