Sabuni haitoki povu: tuongee juu ya maji ya pompi

Maneno yaliyotolewa kwa jina la komite mbele ya mkutano wa wanachama, Aru



Leo hatuongei mambo ya michango. Tunaongea maji. Ju ya nini? Ju tangu turudi tunasikia lawama zilezile: "Ile maji ya pompi ni magumu." Sabuni haitoki povu. Maharagi hayaivi. Chai inakuwa nyeusi kama wino. Shati jeupe la mtoto wa shule linageuka rangi ya udongo. Na nyuma yake linakuja neno ambalo linatuogopesha: "Afazali turudi kwa mto."

Mbele ya kurudi kwa mto, tuelewane kwanza. Katika lawama zile nne, mbili ni za maji magumu kweli. Mbili zingine ni za kitu kingine kabisa, na dawa yake ni tofauti.

Maji magumu ni maji gani? Mvua ikianguka haina chokaa. Ikiingia ndani ya udongo na kupita katika mawe ya chokaa, inayayeyusha kidogo kidogo na kutembea nayo. Wale wenu waliofika Mont Hoyo, kule Irumu, waliona yale mapango: ni maji yaliyokula jiwe la chokaa mpaka yakafanya vyumba. Tena waliona yale mawe yanayoning'inia juu, tone kwa tone maji yameyajenga upya. Basi lile ganda jeupe chini ya birika lako ni jiwe la namna ileile, ni dogo tu. Wanaopima wanahesabu miligramu za chokaa ndani ya litre moja: isipofika 60, maji ni laini, ikipita 180, ni magumu sana.

Hasara yake nyumbani tunaijua kwa mfuko. Chokaa inashika sabuni mbele ya uchafu. Inafanya ule utando mweupe unaoelea kwa beseni, na mpaka chokaa yote ishibe hakuna povu. Kwa hiyo mama anasugua kipande kizima, nusu imeliwa na maji. Na maharagi? Chokaa inaingia kwa ganda la haragi na kulikaza, makala yanaisha, watoto wanalala wakingoja. (Lakini tusidanganyane: haragi lililokaa stoo miaka mbili litakataa kuiva hata kwa maji ya mvua.) Bibi zetu walijua dawa zamani, maji ya majivu ama kijiko kidogo cha magadi ndani ya chungu. Magadi yanaiondoa ile chokaa kwa maji. Msizidishe, maharagi yanageuka uji na ladha inakimbia.

Kuchemsha pia kunasaidia: sehemu moja ya chokaa inashuka chini na kubaki kwa sufuria. Ganda lile si sumu. OMS yenyewe haikuweka kiwango cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Lisugue na ndimu, inatosha. Kwa kufua, tumia maji ya mvua ya mabati ukiwa nayo, ama sabuni ya unga, ju hiyo haishindwi na chokaa kama sabuni ya kipande.

Sasa chai nyeusi na shati la udongo. Hiyo si chokaa. Hiyo ni chuma. Majani ya chai yakikutana na chuma yanakuwa meusi, na kutu inashika nguo.

Chuma kinatoka wapi? Wakati mwingine ni ndani ya ardhi: maji yanatoka safi kwa pompi, unayaacha kwa bidoni, kufika jioni yamekuwa mekundu. Maji hayo yaache yatulie, kisha yapitishe kwa mchanga safi. Lakini mara nyingi ni tiyo yenyewe. Mawe ya upande huu wa mpaka ni ndugu na mawe ya West Nile, ni mawe magumu ya zamani, si chokaa. Katika mawe ya namna hiyo maji mara nyingi yana ukali kidogo, kama wa ndimu lakini haufiki kwa ulimi. Maji yale si magumu, ni laini kupita kiasi! Na yanakula tiyo za chuma zilizopakwa zinki. Wizara ya maji ya Uganda iliona pompi nyingi zinaharibika namna hiyo, na mwaka 2016 ikasimamisha kutumia tiyo hizo katika pompi mpya na zile zinazotengenezwa.

Namna ya kujua: asubuhi, mbele ya mtu yeyote kuchota, piga pompi na jaza bidoni ya kwanza. Endelea kupiga, halafu chukua ya kumi. Ya kwanza ikiwa nyekundu na ya kumi safi, tiyo ndiyo inaoza.

Turudi kwa mto. Povu la sabuni linaonyesha chokaa tu, mikrobe haionyeshi. Wandugu wa Djugu waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018 wanakumbuka kipindupindu cha Kyangwali mwezi wa pili, makumi ya watu walikufa. Maji ya kutisha yanaweza kuwa matamu na kutoa povu zuri. Kwa hiyo mto ni wa nguo, kama ni lazima. Kunywa ni pompi, hata ikikasirisha sabuni.

Kwa wafadhili tunaomba kitu kimoja, na tunakiomba bila haya. Mkitununulia pompi, mtuulize pH ya maji kwanza, na mlipie tiyo za plastiki ao za chuma kisichoshika kutu. Ni ghali zaidi siku ya kununua. Lakini pompi ambayo watu wameikimbia kwa sababu ya kutu ni pesa yenu iliyozikwa.

Na ninyi wanachama: kila kartie ilete chupa tatu zinazolingana kwa komite, moja ya mvua, moja ya pompi, moja ya chemchemi, na jina la mahali juu yake. Tutatia sabuni kipimo kimoja katika kila chupa na kutikisa mbele ya wote. Zile za bidoni ya kwanza na ya kumi mzilete mbali, msizichanganye.