Pawatila au Trekta? Tutazame Udongo Wetu
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama)



Wengi mnataka pawatila kwa kuwa bei yake nafuu. Haya. Pawatila ni mali bondeni, kwenye tope la mpunga. Zilipoletwa nyingi wakati wa Kilimo Kwanza, 2009, kwenye udongo mkavu zilisumbua. Na huku kwetu juu ni kugumu, visiki tele! Itarukaruka tu, dereva aishie kuumwa mikono.

Mimi nasema trekta dogo la magurudumu manne, nguvu za farasi 25 hivi. Litalima, litavuta tela la mahindi. Bei kubwa, najua.

Lakini kabla pesa haijatoka, wajumbe wawili waende mjini wakaone vipuri kwa macho: filta, feni belti, majembe ya plau. Muuzaji asiyekuwa navyo tusimpe hata shilingi.

Kura Jumamosi, saa 4 asubuhi, ghalani.