BARUA HUTUNZWA NA ALIYEIPOKEA
Hotuba ya walimu siku ya kumbukumbu ya kambi



Kamati imetupa sisi walimu nafasi ya kusema machache juu ya kukusanya barua na kadi. Wengine watauliza: kuni ni shida, mgawo haukidhi, karatasi za nini? Tutajibu kwa habari za mkimbizi mmoja.

Else Lasker-Schüler alizaliwa mwaka 1869 mjini Elberfeld, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mshairi, tena mchoraji. Katika barua zake alichora nyota na nyuso za watu, akajiita Yusufu, mwana wa mfalme wa Thebes, na kutia sahihi kwa jina hilo.

Rafiki yake, mchoraji Franz Marc, naye alimpelekea kadi za posta alizozipaka rangi kwa mkono wake, kadi 28 kati ya mwaka 1912 na 1914. Moja ilikuwa salamu ya mwaka mpya wa 1913, yenye farasi wa buluu waliosimama kama mnara. Kutokana na wazo hilo Marc alichora picha kubwa, urefu wake mita 2. Picha hiyo iliwekwa katika jumba la sanaa la taifa mjini Berlin. Mwaka 1937 serikali ya Wanazi iliichukua, na tangu 1945 haijulikani iliko. Marc mwenyewe aliuawa vitani mwaka 1916. Lakini ile kadi ndogo, inayoenea kiganjani, ipo hadi leo mjini München.

Mwaka 1933 Lasker-Schüler alikimbilia Uswisi, akiwa na umri wa miaka 64. Huko alikatazwa kufanya kazi ya kumpatia riziki. Mwaka 1939 alikwenda Yerusalemu, akanyimwa ruhusa ya kurudi Uswisi. Alifariki huko Januari 1945, kabla vita havijaisha.

Muda wote huo aliandika barua. Walizipokea watu wa nchi mbalimbali, wengine wakimbizi kama yeye, nao wakazitunza. Kati ya mwaka 1996 na 2010 kazi zake zilichapishwa kwa juzuu 11, na juzuu 6 kati ya hizo ni barua.

Ndugu zetu, anayekimbia huacha nyumba, ng'ombe na vitabu. Barua aliyokwisha kuituma haiungui pamoja na nyumba yake. Iko kwa aliyeipokea. Kwa hiyo historia yetu imetawanyika mikononi mwetu wenyewe: katika ujumbe wa Msalaba Mwekundu, na katika kadi za Noeli na za Idi ambazo vijana wetu huchora juu ya vipande vya katoni. Kila familia inapoondoka, kurudi nyumbani au kuhamia nchi ya tatu, nyingine huachwa, na nyingine huwashiwa moto.

Basi tunaomba mambo manne. Kwanza, usikate picha ukatupa maandishi. Vyote ni barua moja. Pili, tunza na bahasha yake. Tatu, andika kwenye kikaratasi pembeni ni nani aliyeandika, kwa nani, wapi na mwaka gani. Usiandike juu ya barua yenyewe. Nne, zifunge katika nailoni, mbali na mvua na mchwa.

Hatutamlazimisha mtu. Ziko barua ambazo zikisomwa hadharani zitamponza ndugu aliyebaki nyumbani. Hizo zikae kwako. Anayekubali, tutanakili barua yake kwa mkono mbele yake, na yenyewe atarudi nayo.

Watoto waliozaliwa hapa wanatuuliza sisi ni akina nani. Tuwe na kitu cha kuwaonyesha.