Bunduki na Kiti cha Mtemi: Funzo la Unyanyembe



Apitaye leo katika mitaa ya Kanyenye, mjini Tabora, huona maduka, misikiti na miembe. Si rahisi kwake kukumbuka kwamba ardhi hii ilikuwa njia panda ya misafara. Iliyotoka Bagamoyo na kupita Ugogo ilipumzika hapa, kisha mingine ikaelekea Ujiji na mingine Karagwe na Buganda. Aliyekuwa na amri juu ya njia panda hiyo alikuwa na amri juu ya pembe za ndovu, nguo, shanga na baruti. Ndiyo sababu nchi ndogo ya Unyanyembe iliona mapema jambo ambalo mataifa makubwa yanaendelea kuliona hata sasa: serikali halali kuangushwa na watu wenye silaha.

Mtemi Fundikira alifariki mwaka 1858, akarithiwa na Mnywa Sele. Katika enzi ya Fundikira wafanyabiashara wa Kiarabu waliokaa Tabora walizoea kutolipa ushuru wa bidhaa zao. Mtemi mpya alikataa mazoea hayo. Aliagiza kwamba kila mali iingiayo katika nchi yake ilipiwe, kama watemi wengine njiani walivyotoza hongo. Yafaa kukumbushana kwamba neno hongo wakati huo halikuwa na maana ya rushwa. Lilikuwa jina la malipo ya wazi, aliyopewa mwenye nchi na mgeni apitaye, na kila kiongozi wa msafara aliyahesabu katika gharama zake kabla ya kuondoka pwani.

Wafanyabiashara walikataa kulipa. Walikuwa na bunduki nyingi na watu wa kuzibeba, na mnamo mwaka 1860 walimwondoa Mnywa Sele katika kiti chake kwa nguvu. Hapo ndipo penye funzo. Watu hao waliokuwa wameshinda kwa silaha hawakuthubutu kutangaza kwamba sasa watatawala wao. Walimtafuta Mkasiwa, mtu wa ukoo wa Fundikira, wakamkalisha katika kiti kitupu. Shughuli za utemi ziliendelea kama kwamba hapakuwa na jambo lolote lililotokea, isipokuwa moja tu: ushuru ule haukudaiwa tena.

Kwa nini wenye bunduki walimhitaji Mkasiwa? Jibu ni kwamba bunduki yaweza kumfukuza mtu katika nyumba yake, lakini haiwezi kumfanya mkulima wa Itetemia aamini kwamba amri aliyoletewa ni amri ya haki. Imani hiyo ilikuwa katika kiti, wala haikuwa katika baruti. Kwa hiyo, kiti kilitwaliwa kikawa pazia, na nyuma ya pazia wakakaa wenye mali.

Wananchi hawakudanganyika wote. Mnywa Sele aliingia porini pamoja na wafuasi wake, na kwa muda wa miaka mitano njia ya misafara haikuwa na amani. Misafara ilishambuliwa, vijiji vilichomwa, wapagazi walikuwa adimu. Mwaka 1861 tajiri maarufu wa Tabora, Snay bin Amir, aliuawa vitani. Mwingereza Speke, aliyepita katika mwaka huo huo, alijaribu kuwapatanisha, lakini upatanisho ulishindikana, kwa sababu Mnywa Sele hakutaka sadaka. Alitaka kiti chake. Wala haifai kumpamba kupita kiasi. Watu wake nao walipora, na aghalabu aliyepata hasara alikuwa mwanakijiji asiyekuwa na ugomvi na yeyote. Mwaka 1865 Mnywa Sele alikamatwa akauawa. Kiti kilibaki kwa Mkasiwa mpaka alipofariki mwaka 1876.

Mchezo huo ulirudiwa na wageni wengine. Isike, mtemi aliyefuata, aliwapinga Wajerumani, akajenga boma imara na kulilinda dhidi ya mashambulizi ya mwaka 1892. Mwezi Januari 1893 boma lilipovunjwa na jeshi la Tom von Prince, Isike aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani, kuliko kukamatwa. Je, Wajerumani walikifuta kiti cha Unyanyembe? La. Wao pia walitafuta mtu wa ukoo wa watemi, naye ni Nyaso, wakamweka kuwa mtemi. Waliokuja na mizinga walihitaji pazia lile lile walilolihitaji wale waliokuja na magobori.

Kiti hicho kilipovuliwa madaraka ya serikali, mwaka 1963, hakikuvuliwa kwa risasi. Kilivuliwa kwa sheria ya Bunge la Tanganyika, iliyofuta madaraka ya watemi wote nchini. Mtemi wa wakati huo, Abdallah Fundikira, alikuwa mwenyewe waziri katika serikali ya uhuru. Watu waweza kubishana kuhusu hekima ya sheria ile, lakini hakuna awezaye kusema kwamba iliandikwa nyuma ya pazia.

Mwaka mmoja tu baadaye Tabora ilijaribiwa tena. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na kesho yake wakafuatwa na wenzao wa kikosi cha pili kilichokuwa Tabora. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Madai yenyewe yalikuwa na msingi. Njia waliyoitumia ndiyo iliyokuwa ya hatari. Safari hii hapakuwa na mtemi wa kukalishwa kitini, na askari wenyewe hawakutangaza serikali yao. Hata hivyo, baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walishukiwa kuwa na mazungumzo na waasi, wakawekwa kizuizini. Serikali ya wakati huo, kwa hiyo, iliamini kwamba pazia laweza kushonwa kwa kitambaa kingine kisichokuwa cha kifalme.

Lazima ukweli wote usemwe. Maasi yale hayakuzimwa na maandamano ya wananchi. Yalizimwa na makomando wa Kiingereza walioteremka kutoka manowari ya Centaur tarehe 25 Januari, kwa ombi la serikali, na jambo hilo lilikuwa fedheha kwa taifa lililokuwa na umri wa miaka miwili. Jeshi la zamani lilivunjwa, na mwezi Septemba mwaka huo huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Mkuu wake wa kwanza, Mirisho Sarakikya, alikuwa kapteni katika kikosi cha Tabora siku za maasi.

Nchi za mbali zinathibitisha funzo hili. Huko Hispania, tarehe 23 Februari 1981, Luteni Kanali Antonio Tejero aliingia Bungeni na askari akawashika wabunge. Waliokula njama walitegemea jina la mfalme. Usiku ule Mfalme Juan Carlos alitokea katika televisheni akakataa kuwapa jina lake. Asubuhi yake njama ilikuwa imekwisha, na siku chache baadaye wananchi kwa mamia ya maelfu waliandamana kuitetea katiba. Huko Thailand, mwezi Mei 2014, Jenerali Prayuth Chan-ocha alitwaa madaraka na siku chache baadaye akapata idhini ya mfalme. Waliopinga barabarani walikamatwa. Mfalme mmoja alilivuta pazia, mwingine akalitundika.

Sasa, ndugu watumishi wa umma, yasidhaniwe kwamba mambo haya ni ya wafalme peke yao. Nchi nyingi za leo hazina watemi, na mapinduzi yangalipo: Mali mwaka 2020, Burkina Faso mwaka 2022, Niger na Gabon mwaka 2023. Katika nchi isiyokuwa na kiti cha enzi, heshima ya serikali imo katika muhuri wa ofisi, katika sahihi ya hakimu, katika sauti ya mtangazaji, katika daftari la mwalimu. Askari akishatwaa ikulu usiku, asubuhi humhitaji karani. Karani akilipiga chapa tangazo lake bila kuuliza, amekuwa Mkasiwa mdogo.

Watu wa Sudani walilifahamu hilo. Walimu, madaktari na wanataaluma wengine walikuwa mstari wa mbele wa upinzani uliotangulia kuanguka kwa Omar al-Bashir tarehe 11 Aprili 2019. Majenerali walipotwaa tena madaraka yote mwezi Oktoba 2021, waliandamana na kugoma tena, na wengi walipoteza maisha. Hawakushinda, na mwaka 2023 majenerali wenyewe wakaanza kupigana. Kukataa hakuna dhamana ya ushindi, kama Mnywa Sele hakushinda. Lakini kukubali nako hakukuiletea Unyanyembe salama: kiti kilichokubali kuazimwa na wenye magobori hakikuwa na nguvu ya kukataa kuazimwa na wenye mizinga.

Mwalimu afundishaye historia ya Tabora, basi, asiishie katika kuwakaririsha watoto majina na miaka. Awaulize: ushuru wa njia panda ulikuwa mali ya nani, na aliyekalishwa kitini alikalishwa kwa faida ya nani? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo, siku moja atakapokabidhiwa muhuri wa umma, atajua kwamba hakupewa ili auazimishe.